Maji Yakikatika, Bidoni ya Nyumbani ni ya Nani?



Siku moja, baada ya mkutano wa shirika letu, mama mmoja alibaki nyuma. Alingoja mpaka wengine wote wakaenda, kisha akaniambia: « Katekista, nina swali. Sijui kama ni jambo la kupeleka katika kitubio, ao kama ni akili ya mzazi tu. »

Nikamjibu: « Sema, mama, ninasikia. »

Akaeleza hivi. Ilikuwa siku ya 3 baada ya mvua kubwa ya Aprili 2020 hapa Uvira. Robine zilikuwa zimekauka. Nyumbani mwake zilibaki bidoni 4 za maji safi, alizozijaza mbele ya robine kufa. Watoto wake ni 6, na mume wake alikuwa safarini. Jirani yake akapiga hodi, jagi mkononi. Akasema: « Mama, nisaidie maji ya kunywa. Mtoto anahara tangu usiku. » Naye akajibu: « Pole, mama. Hakuna. » Jirani akashukuru, akaenda zake. Jioni mtoto yule akapelekwa kwa waganga, akatiwa maji katika mishipa, akapona.

« Jirani yangu hajui kitu, akasema yule mama. Mpaka leo ananisalimu vizuri. Akipata ndagala ananigawia. Ni kwa hiyo ninateseka. Nataka kujua: maji yale yalikuwa yangu, ao hayakuwa yangu? »

Swali hili ni la mtu mmoja, lakini linagusa kila nyumba. Zoruba zinapita mahali pengi: nguzo za umeme zinaanguka, mabomba yanapasuka, na watu wanabaki na kile kidogo walichokuwa nacho nyumbani. Ndipo kila mmoja anajiuliza: « Nitaishije mpaka maji yarudi? » Ni swali zuri. Lakini kuna lingine nyuma yake: « Kile nilicho nacho, ni cha nani? » Tulitazame pamoja, polepole.

ZORUBA MBILI

Kwanza tukumbuke mambo yenyewe. Mji wa Uvira umelala kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Fasi ya kujenga ni nyembamba. Mito inashuka toka mlimani kwa mbio: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua ilinyesha kwa nguvu nyingi. Mulongwe ukatoka katika njia yake, ukaingia mjini pamoja na mawe na matope. Watu makumi walikufa. Nyumba maelfu zilivunjika, na watu makumi ya maelfu wakabaki bila makao.

Lilikuwa juma la Pasaka, kwa maana sikukuu yenyewe ilikuwa tarehe 12. Makanisa yalikuwa yamefungwa, sababu tangu mwezi wa Machi serikali ilikuwa imekataza mikutano juu ya ugonjwa wa korona. Kila siku redio ilitukumbusha kunawa mikono kwa maji na sabuni. Kumbe maji ndiyo yaliyokatika. Mitambo ya maji ya mji inateka katika mto Mulongwe. Mto ule ule uliokuwa ukiilisha ndio ulioiharibu. Sehemu kubwa ya mji ikakosa maji ya robine.

Zoruba ya kwanza kila mtu aliiona na kuisikia. Ya pili haina kelele. Inaanza siku ile robine inapotoa hewa tu. Maji yakiwa na nguvu ndani ya bomba, uchafu wa inje hauwezi kuingia. Nguvu ikiisha, maji machafu ya udongo yanapenya katika kila ufa. Na watu, wakiwa na kiu, wanashuka ziwani ao mtoni, ambako mvua imekwisha kumwaga vyoo vya mtaa mzima.

Wenye elimu walichunguza jambo hili hapa hapa Uvira. Walilinganisha hesabu za maji ya mji na hesabu za wagonjwa toka mwaka 2009 hadi 2014, na mwaka 2015 wakatangaza waliyoyaona. Katika siku 12 zinazofuata siku isiyo na maji ya robine, wagonjwa waliozaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya mara mbili, kupita baada ya siku ambapo maji yalitoka vizuri.

Basi, wapenzi, tuelewe uzito wa swali. Jagi moja la maji safi siku ya 3 baada ya zoruba si sawa na jagi la chumvi ambalo jirani ataazima kesho. Linagusa amri ya 5, ile inayolinda uhai wa mtu.

SABABU ZA YULE MAMA

Lakini tusimhukumu mama huyo upesi. Alikuwa na sababu 3, na kila moja ina kweli ndani yake.

Sababu ya kwanza: maji yale aliyatafuta yeye. Alipoona mawingu juu ya mlima, alijaza bidoni wakati wengine wanapumzika. Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mgongo uliobeba ni wake. Eklezia haifundishi kwamba jasho la mtu ni bure. Amri ya 7 inalinda mali ya mtu, na maji ni mali kama mali nyingine.

Sababu ya pili: watoto wake. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timoteo, anamkemea vikali mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake. Mama anayemnyima mtoto wake ili agawie watu wa mbali, hapo mapendo yamekosa utaratibu. Mungu alimkabizi watoto hao kwanza.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonishika. Mama huyo anasoma Maandiko. Aliniambia: « Katekista, wale mabikira 5 wenye akili, si waliombwa mafuta? Nao si walikataa? Na Bwana arusi aliwapokea wao, akawafungia mlango wale waliokosa. Basi kosa langu ni gani? »

Ninakiri kwamba sikuwa na jibu siku ile. Nilimwambia maneno niliyojifunza katika seminari juu ya ukarimu, naye akanishukuru kwa heshima kama mtu anayeshukuru bila kushiba. Nilirudi nyumbani na swali lake. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyatafuta kwa ajili yake, na kwa ajili yangu mimi pia.

MAFUNDISHO YA EKLEZIA

Mungu aliumba maji mbele ya kuumba mtu. Hakuna mtu aliyeyatengeneza. Mtu anateka, anabeba, anafunika, anasafisha. Lakini haumbi hata tone moja. Jasho ni lake. Maji yenyewe ni zawadi iliyotolewa kwa wote.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alitengeneza fundisho hili kwa utaratibu. Anasema ni haki watu wawe na mali yao, kwa sababu kila mtu anatunza vizuri zaidi kilicho chake, na ugomvi unapungua. Tunaona hivyo kwa macho: kisima cha kila mtu ni kisima cha uchafu, na kisima chenye mwenyewe kina mfuniko. Lakini Tomaso anaongeza: katika kutumia, mwenye mali aishike kama kitu cha watu wote, awe tayari kugawa penye mahitaji. Na hitaji likifika mwisho, uhai wenyewe ukiwa katika hatari, yule mwenye kuhitaji anachukua kwa haki, bila kuwa mwizi. Mbele yake, katika karne ya 4, Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria, aliwahubiri matajiri wakati wa njaa akiwafundisha kwamba chakula wanachokifungia ni cha wenye njaa.

Mtaguso wa Vatikano II, katika hati yake ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Eklezia katika dunia ya leo, ulishika fundisho hilo hilo. Tarehe 28 Julai 2010, mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maji safi ni haki ya kila mtu. Na marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya kutunza dunia, alikumbusha kwamba haki hiyo inatangulia haki nyingine, kwa sababu bila maji hakuna uhai.

Basi tupime kwa vipimo vya nyumbani. Wale wanaosaidia watu penye misiba wana kipimo chao: mtu mmoja apate lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kujisafisha. Nyumba ya watu 7, kama ya yule mama, inahitaji lita 105, maana yake bidoni 5 na zaidi. Yeye alikuwa na bidoni 4, ni lita 80. Alikuwa maskini kweli. Lakini maji ya kunywa tu ni kama lita 3 kwa mtu: kwa watu 7, lita 21, ni bidoni 1 na kikombe kimoja kikubwa.

Hapo tunaona kwamba si maji yote ya nyumba yana kazi moja. Kuna maji ya uhai: ya kunywa, ya mgonjwa, ya kunawa mikono mbele ya kula. Kuna maji ya kazi: ya kufua, ya kuosha vyombo vyote, ya kuoga mwili mzima. Kuna na maji ya kupita, kama ya kumwagia maua na kuosha pikipiki. Ninazani kanuni ni hii: uhai wa mtoto wako unatangulia uhai wa mtoto wa jirani, sababu wewe ndiwe mzazi wake. Lakini uhai wa mtoto wa jirani unatangulia nguo zako. Mtu asifue wakati mtu wa ukuta wa pili anakufa kwa kiu. Anayegawa hapo anatoa deni, na mtu anayelipa deni haitwi mkarimu.

Utasema: « Na kesho je? Kama maji hayarudi? » Hofu hiyo ni ya kweli, na Maandiko yanaijua. Waisraeli jangwani waliambiwa wasiweke mana mpaka asubuhi, na iliyowekwa ilitoa funza. Lakini Yosefu huko Misri aliweka nafaka miaka 7, na aliheshimiwa kwa akili hiyo. Tofauti ni nini? Yosefu aliweka ili afungue. Njaa ilipofika, gala zake zilikuwa na mlango. Kuweka akiba si zambi. Zambi ni kujenga gala isiyo na mlango.

Na wale mabikira? Nilisoma tena mlango 25 wa Injili ya Matayo, na nikaona haya kwa kutokumbuka mapema. Mafuta ya taa zile ni mfano wa yale ambayo mtu hawezi kumwazima mwingine: imani yake, toba yake, utayari wa roho yake. Mama hawezi kutubu kwa niaba ya mtoto wake. Lakini usifunge kitabu pale mabikira wanapofungiwa. Endelea mpaka mwisho wa mlango ule ule. Bwana mwenyewe anakaa kuhukumu mataifa, na moja katika maswali yake ni juu ya mtu aliyekuwa na kiu. Maji ya kunywa hayako upande wa mafuta. Maji yanaweza kuazimwa, na siku ile tutaulizwa juu yake.

NENO LILILOSEMWA MLANGONI

Lakini kuna jambo lingine, nalo ninaona ndilo la kwanza. Tukumbuke mjane wa Sarepta. Nabii Eliya alimwomba maji na mkate wakati wa ukame. Mjane yule hakuwa na kitu ila konzi moja ya unga na mafuta kidogo, chakula cha mwisho kwake na mwanawe. Hakusema « hakuna ». Alisema kweli yote: nina kiasi hiki, nina mtoto, tutakula, kisha tutakufa. Kwa sababu alisema kweli, maneno yakaendelea kati yake na nabii, na njia ikapatikana.

Yule mama, aliposema « hakuna », alifunga maneno. Angalisema: « Mama, nina bidoni 4 na watoto 6, sijui maji yatarudi lini », ingekuwa kweli isiyo na aibu. Wanawake wawili wangekaa chini na kuhesabu. Pengine jirani angekuwa na makala ya kuchemshia maji ya mvua, na yule mama angekuwa na sufuria. Pengine angepewa nusu jagi tu, na nusu jagi kwa mtoto anayehara ni kitu kikubwa. Ukosefu wa maji ni taabu ya kweli. Lakini uongo juu ya maji unafanya kila nyumba iwe kisiwa. Hakuna anayejua nani anacho na nani hana, na wote wanaogopana. Wahenga walisema: akufaaye kwa ziki ndiye rafiki. Tutafaanaje kama tunafichana?

Hapa ni lazima niseme na langu. Siku zile zile mimi nilikuwa na bidoni 2 nyuma ya mlango, nami nilizifunika kwa mkeka. Hakuna aliyeniomba, sababu hakuna aliyeziona. Kwa miaka nilizani sina kosa. Yule mama alisema « hakuna » kwa kinywa. Mimi nilisema neno lile lile kwa mkeka. Yeye alikuwa na uchungu wa roho, mimi sikuwa nao. Sasa ninajua ni nani kati yetu aliyekuwa karibu zaidi na Mungu.

JUU YA BEI

Baada ya zoruba, wengine hawanyimi: wanauza. Na bei inapanda. Je, ni zambi?

Hapa pia Mtakatifu Tomaso anatusaidia. Anafundisha kwamba muuzaji anaweza kuhesabu hasara yake mwenyewe katika bei. Lakini kama kinachomfanya mnunuzi atoe zaidi ni taabu ya mnunuzi tu, muuzaji asimwongezee bei kwa ajili ya taabu hiyo. Maana angemuuzia kitu kisicho chake.

Tufasirie kwa mifano. Kijana anachukua kinga yake, anakwenda mbali kuliko jana kwa sababu kisima cha karibu kimejaa matope. Anarudi na bidoni 4, gurudumu limechoka, naye amechoka. Akiomba franka nyingi kuliko jana, anaomba mshahara. Tumpe, tena kwa shukrani. Lakini mtu mwenye kisima katika kiwanja chake, kisima ambacho mvua haikukigusa, anauza leo mara 3 ya bei ya jana. Tumuulize: nini kimeongezeka? Kamba ni ile ile, ndoo ni ile ile, maji ni yale yale. Kilichoongezeka ni kiu ya jirani yake. Na kiu ya jirani si mali yake hata aiuze.

Neno hilo linawafaa pia wale wanaotunza maji na umeme wa miji, popote walipo duniani. Deni ni deni, na anayetumia maji alipe, la sivyo mitambo itakufa. Lakini kukata maji ya nyumba ambayo zoruba imekwisha kuinyang'anya chakula na mabati, kwa sababu ya karatasi ya mwezi uliopita, ni kudai deni katika shingo ya mtu anayezama. Amtoe kwanza, kisha amdai.

BIDONI YA JIRANI

Sasa tuje kwa kazi. Mapendo bila maarifa yanaweza kuua. Basi kila shirika lijifunze haya mbele ya msimu wa mvua.

Maji ya kunywa yakitiwa shaka, yachemshwe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa dakika 1 nzima. Kwenye milima mirefu sana, dakika 3. Kama ni ya matope, yaache yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Asiye na makala atumie dawa ya klori kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, na angoje dakika 30. Asiye na dawa ajaze chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, maji yakiwa meupe, azilaze juani saa 6. Siku za mawingu, siku 2. Maji yaliyosafishwa yafunikwe, wala mkono usiingie ndani.

Tusisahau mvua yenyewe. Mvua ile ile iliyovunja bomba inashuka juu ya mabati yetu. Yaache maji ya kwanza yaoshe mabati, kisha weka vyombo. Yanafaa kufua na kuoga, na yakisafishwa yanafaa kunywa. Hivyo maji ya robine yaliyobaki yatatunzwa kwa uhai.

Mtu akihara sana, asinyimwe maji kwa kuzani yanamzidishia. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili. Katika lita 1 ya maji safi tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visiwe vya kufurika, mnyweshe polepole huku mnampeleka kwa waganga upesi. Akitunzwa mapema, karibu wagonjwa wote wanapona. Hafi hata mmoja katika 100. Wala msimkimbie mgonjwa: naweni mikono, mtunzeni.

Umeme ukikatika, mtu asiguse waya ulioanguka, hata kama unaonekana umekufa. Wala mbabula ya makala isilale ndani ya chumba kilichofungwa. Mashine ya umeme vilevile ikae inje, mbali na dirisha. Hewa yao ina sumu isiyo na harufu, inaua watu usingizini.

Na jambo la mwisho ndilo ninalolipenda kupita yote. Nyumba ikijaza bidoni zake mawingu yanapokusanyika, ijaze moja zaidi, na mbele ya mvua iitwe jina lake: bidoni ya jirani. Hapo siku ya taabu hakuna haja ya kushindana na moyo wako mlangoni. Mtu aliyeamua mapema anashinda hofu kwa urahisi. Hii ndiyo akili ya wale mabikira 5: hawakungoja usiku wa manane ndipo watafute. Mkuu wa shirika ajue pia nyumba zenye wazee, wagonjwa na wajane, ili mtu mmoja apewe kazi ya kwenda kwao kwanza. Wao hawana nguvu ya kuja kupiga hodi.

Najua bidoni ya jirani haitengenezi mtambo wa maji. Mlima usio na miti utaleta tena matope; nyumba zilizojengwa katika njia ya mto zitachukuliwa tena. Tuwaombe wakubwa wafanye kazi yao, na sisi tupande miti na tuache njia ya mto wazi. Lakini mambo hayo yanataka miaka, na mtoto anayehara anataka maji leo.

Mtauliza nilimjibu nini yule mama. Nilimrudia, nikamwambia hivi: « Mama, maji ya uhai hayakuwa yako peke yako. Lakini ili zambi iwe kubwa, Eklezia inafundisha, ni lazima neno liwe zito, mtu ajue, na atake kwa uhuru. Wewe hukujua uzito wa ugonjwa wa mtoto yule, na hofu ilikuwa imekushika koo. Hukumu si yangu. Mpelekee padri. Kisha, ukipata nguvu, mwambie jirani yako kweli. » Nikamwambia pia habari ya mkeka wangu. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

Alikwenda kwa jirani. Walisemezana nini, si kazi yangu kuuliza. Ninajua tu kwamba leo kati ya nyumba zao mbili kuna pipa moja lenye mfuniko, na kila moja inalijaza kwa zamu.

Wapenzi, asubuhi ile ya tarehe 17 Aprili 2020, Ijumaa ya juma la Pasaka, hakuna Mkristu aliyeweza kukusanyika kanisani Uvira. Lakini Injili ya siku ile ilikuwa ile ya Yoane: wanafunzi wamefanya kazi usiku mzima ziwani, hawakupata kitu, kumekucha, na Yezu Mfufuka anasimama pwani. Amekwisha kuwasha moto wa makala na kuwatengenezea chakula. Aliyeshinda mauti aliona vema kuwapikia watu waliochoka. Nasi tunaokaa kando ya ziwa, robine ikikauka tena, tumpokee yule anayekuja na jagi mkononi. Tumwambie kweli tulichonacho, kisha tukae chini tuhesabu naye.